Mkanda wa Mwalimu Sigfrid

Nilipoburuta kidole kwenye mstari wa kompyuta hadi Pasaka, sauti ya baba iliangukia shambani, akimfokea mbuzi.

"Toka! Toka hapo, we mwana wa Herode!"

Nikaburuta tena, kidogo tu, upana wa ukucha. Kwanza ulikuja mchirizo kama wa mafuta yakichemka kikaangoni, ndipo sauti ikashika. Baba alikuwa anakohoa ndani ya chumba nisichokijua, na nyuma yake mtoto mchanga analia. Yule mtoto ni mimi. Upana wa ukucha mmoja, na miaka thelathini na kitu imerukwa.

Niliinuka, nikazunguka meza, nikaketi. Nikainuka tena. Tangu tumzike sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha narudi kwenye ile kompyuta na kuburuta kidole.

Watu wa umri wa baba karibu wote walivaa shanga: nyeusi, kubwa kama punje ya hindi, inaning'inia kooni. Inanasa kila unachosema na kila unachoambiwa. Ukifa, ofisi ya mtaa inaifunga na kuwakabidhi ndugu zako. Kilichomo ndani tunakiita mkanda, ingawa kwetu hakuna aliyewahi kushika mkanda wenyewe. Kwa kuwa nilikuwa nakata matangazo katika studio ya redio ya parokia, ukoo mzima uliniletea mimi shanga ya baba, kana kwamba kilichobaki ni kubonyeza tu.

Hakikuwa cha kubonyeza tu. Programu ya kuchezea mikanda inakisia. Inachukua urefu wa maisha ya mtu, inaugawa sawasawa, halafu inaruka pale inapodhani siku unayoitaka ipo. Lakini shanga hainasi sawasawa. Ukimya inaukunja, unakuwa mwembamba kama karatasi ya sigara. Wimbo inauacha na unene wake. Na baba alikuwa na yote mawili kwa wingi: asubuhi nzima kimya barazani akisikiliza watu, jioni kwaya nzima kanisani. Kwa mkanda wa namna hiyo kila ruko linapotea. Kinachojua kila siku ilipo ni faharasa, nayo imefungwa ndani ya shanga. Kuisoma kunahitaji programu-jalizi, kipande kidogo kinachopachikwa juu ya programu kubwa. Jalizi ya baba ilikuwepo, imepachikwa vizuri, ila leseni yake ilizimika siku aliyozimika yeye.

"Umeupata?" Mama aliuliza.

Alikuwa kwenye mkeka, ameupa mgongo mlango. Hakugeuka kuuliza.

"Bado, mama."

Akaendelea kuutazama ukuta.

Alichokuwa akikingoja ni mwisho wa wimbo. Baba, Mwalimu Sigfrid Ngonyani, alifundisha kwaya ya kigango, kanisa letu dogo hapa Songea, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuandika nota. Nyimbo alizitunga akitembea, asubuhi, akipita nyumba za jumuiya yake, naye alikuwa mwenyekiti wake. Wimbo wa mwisho aliifundisha kwaya beti tatu. Ubeti wa tatu unapanda, unapanda, kisha unabaki juu kama mguu ulionyanyuliwa usiopata pa kukanyaga. "Mwisho nitawapa wiki ijayo," aliwaambia. Wiki iliyofuata alikuwa amelazwa.

Siku tuliyotoka makaburini mama aliketi kwenye mkeka akasema, "Wimbo ukiisha nitainuka." Tuliona ni maneno ya uchungu, yatapita. Hayakupita. Alikunywa uji vijiko viwili vitatu, akakataa kilichobaki. Miguu ikaanza kuvimba. Nesi wa zahanati aliibonyeza kwa kidole, akatazama shimo lililobaki, akaniita nje.

"Dada Osmunda, huyu lazima atembee. Damu ikiganda kwenye miguu hii, mtarudi tena makaburini."

"Tumemwambia."

"Mwambieni tena."

Jumamosi ya wiki ile tungemaliza matanga. Kwetu mjane huinuka mwenyewe mbele ya ukoo, akanawa uso, na msiba ukawa umekwisha. Habebwi. Hainuliwi kwa kushikwa kwapa. Asipoinuka, watu watakula watawanyike, na yeye atabaki pale pale.

*

Niliwapigia simu wenye jalizi Jumatano, nikiwa nazunguka tangi la maji uani.

"Karibu huduma kwa wateja, unaongea na Shamsa, samahani kwa kusubiri."

"Asante dada. Nataka kuhuisha leseni ya jalizi ya faharasa. Ni ya baba yangu."

"Hamna shida, dada. Naomba baba aongee kidogo, mfumo usikie sauti yake."

"Baba amefariki."

"Jamani, pole sana. Mungu ampumzishe mahali pema." Nikasikia vidole vyake vikigonga. "Na sasa hivi yupo karibu na simu?"

Nilisimama.

"Samahani, dada," alisema haraka, kwa sauti ya chini. "Ni maneno yaliyopo kwenye kioo, nalazimika kuyasoma. Naruka. Sikiliza. Leseni ya faharasa hairithiwi. Nyumba utarithi, shamba utarithi, hii hapana."

"Mkanda wenyewe mmenipa. Kwa nini ufunguo mninyime?"

"Mkanda ni wa baba yako. Lakini mle ndani kuna watu waliokuwa wanaongea na yeye. Hawakuwa wanaongea na wewe." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe mama yangu ana shanga, dada. Kuna vitu nimemwambia. Sitaki kaka zangu wavitafute kwa neno moja kama mtu anayetafuta bei ya simenti."

Kuku alipita kati ya miguu yangu.

"Nataka wimbo tu," nikasema.

"Nakuelewa. Ila mfumo haujui wimbo tu. Mfumo unajua sauti ya mmiliki. Ukiisikia, unamhesabu yu hai, unafungua. Usipoisikia, umefunga."

"Kwa hiyo akifufuka akasema neno moja..."

"Atafunguliwa papo hapo," Shamsa alisema, na nadhani alitabasamu, kisha akajirudi. "Dada, sijakuambia kitu mimi. Naomba utoe maoni yako kuhusu huduma uliyoipata leo. Bonyeza moja kama umeridhika."

Sikubonyeza.

*

Ilikuwepo njia nyingine. Kuna jalizi ya bure inaitwa Huru. Iliandikwa na watu wasiotaka chochote kifungwe, na leseni yao ni fupi kuliko zote nilizowahi kusoma: faharasa yoyote inayotengenezwa na Huru ni ya watu wote, pamoja na kila sauti ambayo faharasa hiyo imeigusa. Huru haihitaji ile faharasa iliyofungwa. Inausikiliza mkanda wote yenyewe kwa saa moja, inatengeneza yake, kisha inaupeleka mkanda kwenye ghala la wote. Mtu yeyote popote ataandika jina, ataruka hadi pale lilipotajwa.

Alhamisi nilikuwa nimekwisha kuipachika. Kwenye kioo kulikuwa na kitufe kimoja, ANZA, na kidole changu juu yake. Mama Tekla akaingia na bakuli la viazi vitamu. Hakupiga hodi. Nyumba ya msiba kwetu haipigiwi hodi. Mlango unaachwa wazi na watu wanaingia tu, tangu siku ya kifo hadi matanga yaishe.

Alimpa mama pole, akaweka bakuli, akaja kusimama nyuma yangu.

"Ndiyo hiyo Huru?"

"Umeijulia wapi?"

"Mtaa mzima unajua. Mdogo wako amesema Osmunda anafungua mkanda wa Mwalimu." Alivuta kigoda, hakukikalia. "Wewe hutulii, na mimi siku hizi silali. Tumekuwa kama kuku wawili wanaotafuta pa kutagia."

Nilicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Yeye hakucheka.

"Kuna asubuhi moja nilikaa pale barazani," alisema. "Tekla alikuwa tumboni. Baba yako hakunijibu kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniuliza kama nimekula. Basi. Nikaenda nyumbani nikaendelea kuishi. Jambo lenyewe sikuwahi kulisema mara ya pili, na hata sasa silisemi, hata kwako."

"Sitafuti hilo, Mama Tekla. Natafuta wimbo."

"Najua. Ila ukibonyeza hapo, Tekla akiandika jina lake siku moja, kwa kucheza tu, ataangukia wapi?"

Mama, kule kwenye mkeka, alijisogeza. Aliivuta kanga ifunike miguu yake iliyovimba.

"Na yule pale?" nikamwuliza Mama Tekla kwa kunong'ona. "Nimwache?"

Alimtazama mama kwa muda mrefu. Walikuwa wamelima pamoja mashamba ya jirani tangu wakiwa wasichana. Uso wake ulikunjamana.

"Sijui," akasema. "Usiniulize mimi. Nikikuambia bonyeza nitakuwa nimejiua, nikikuambia acha nitakuwa nimemuua yeye. Viazi vipoe kidogo ndipo umpe."

Akatoka. Nilikaa na kidole changu hewani mpaka mkono ukauma. Kisha niliiondoa Huru kwenye kompyuta. Sikujisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyetupa kamba kisimani huku ndoo ikiwa chini.

*

Ijumaa mchana, upepo wa Julai ukiteremka kutoka milima ya Matogoro, mtu alifoka uani kwa sauti ya baba.

"Sauti ya nne! Mnaimba au mnauza samaki?"

Mwili wangu ulikwenda mlangoni kabla akili haijafika. Uani alisimama mtani, Vitalis Nyenza, amevaa koti la baba, lile la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, na kofia ya baba imemzidi masikio. Nyenza ni Mhehe, na Wahehe na sisi Wangoni ni watani wa jadi. Kazi yake ni kurusha droni za kunyunyizia mahindi mbolea, na kazi yake nyingine, kwa maisha yake yote hapa Songea, ilikuwa kumchokoza baba. Siku ya maziko aliruka kaburini akajilaza, akasema Mngoni huyu ni mtumwa wake na hazikwi bila ruhusa, mpaka tukamtoa kwa madebe ya pombe ya komoni. Watu waliokuwa wakilia walicheka hadi wakakaa chini. Ndiyo kazi ya mtani.

"Nyie watumwa wangu," alisema sasa kwa sauti yake mwenyewe, "mwenye nyumba amerudi na hamna hata kikombe cha chai? Mnanizika na njaa?"

"Mtani, matanga ni kesho."

"Nimekuja kukagua. Wahehe hatuaminiani na watu waliokimbia kutoka kwa Wazulu." Akachungulia ndani, akauona mgongo wa mama, na utani ukamtoka usoni. "Bado?"

"Bado."

Nilimweleza kila kitu, nikitembea huku na huku: leseni, Shamsa, Huru, Mama Tekla. Alinisikiliza huku akishika vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Kwa hiyo chombo kinataka sauti ya Sigfrid."

"Ndiyo."

"Na mimi nimevaa nini hapa?"

"Mtani, ule ni utani. Hiki ni chombo."

"Binti yangu, mtani akivaa koti la marehemu, ndiye marehemu mpaka jua la matanga lizame. Nikiomba maji, mnaleta maji ya Sigfrid. Nikimtukana padre, ametukanwa na Sigfrid. Jambo hili lilikuwepo kabla ya leseni yao."

Nilitaka kukubali haraka, na hilo ndilo lililonitisha. Mfumo ukimtambua, utamhesabu baba yu hai. Utaamuru shanga ivaliwe, na shanga ikivaliwa itaanza kunasa tena. Kila ujinga ambao Nyenza angesema ungeshonwa mwishoni mwa mkanda, kwa jina la baba. Watoto wa watoto wetu wangeburuta kidole hadi mwisho, wasikie Mhehe anadai komoni, waseme: huyu ndiye babu.

"Nitamchafua," nikasema.

"Nimemchafua miaka yote hii, na alikuwa akicheka." Alivua kofia. "Lakini wewe ndiye utakayeishi na mkanda. Sema."

Ndani, mama alikohoa. Nikaenda kuleta kompyuta na shanga, nikaziweka kwenye meza ya barazani.

Katika jaribio la kwanza Nyenza alitoa kile alichowapa watu siku zote: baba anafoka, baba anagonga meza, baba anavuta "r" kama trekta. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama wakashangilia. Kioo kikaandika: *Sauti haikutambuliwa.*

"Kiziwi hiki," alisema Nyenza.

"Umezidisha. Kinapima hata pumzi na kutua."

Alijaribu tena, polepole, kwa heshima, kama mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. *Sauti haikutambuliwa. Limebaki jaribio moja.*

Nilimwona mtu mzima akihangaika na jambo ambalo hakuwahi kulifikiri: kwamba alimjua baba kwa kumcheka tu. Bila kicheko hakuwa na pa kumshikia. Alipangusa uso kwa mkono wa koti. Upepo ulipekua majani ya migomba, akaukunja ukosi, akajiegemeza kwenye nguzo pale pale alipokuwa akiegemea baba.

"Baridi hii," alisema, si kwangu, si kwa chombo. "Mama Osmunda, hakuna hata chai ya jana?"

Hakuwa anaigiza. Alikuwa amechoka na alikuwa na baridi. Lakini ndani, kwa mara ya kwanza, mama aligeuza kichwa.

Kioo kikabadilika rangi.

*Karibu tena, Sigfrid. Faharasa imefunguliwa kwa muda. Tafadhali vaa shanga. Thibitisha kabla ya kesho jua kuzama: mmiliki yu hai? Ndiyo. Hapana.*

Nyenza aliyasoma maneno yale, midomo ikicheza, na machozi yakamshuka hadi kwenye kiraka. Nilimvika shanga shingoni.

*

Jalizi ikiwa hai, mkanda ni kitu kingine kabisa. Unapiga mluzi, inakupeleka pale mluzi huo uliponaswa. Niliimba ubeti wa tatu kwa sauti ndogo, ukapanda, ukabaki juu. Kwenye mstari zikaota alama nyekundu, nyingi; za mazoezi ya kwaya nikaziacha, nikabaki na za asubuhi.

Niligusa ya kwanza. Hakuna mchirizo, hakuna mafuta kikaangoni. Ruko lilitua kama mtu anavyoketi. Nyayo za baba kwenye kokoto, pumzi yake, wimbo unapanda, unapanda, unabaki juu, na kisha:

"Hodi!"

Ikafuata sauti ya mlango. Nikasimamisha kabla ya mwenye nyumba hajajibu.

Niligusa ya pili. Kokoto, pumzi, wimbo unapanda. "Hodi!" Nikasimamisha. Ya tatu ilikuwa asubuhi ya mvua, matone kwenye mwavuli, na wimbo ukavunjika pale pale. "Hodi hapa!" Nikagonga meza.

"Kila akifika mwisho anafika kwa watu!" nilimwambia Nyenza. "Kila siku wanamkatiza. Hakuna mwisho."

Niligusa nyingine na nyingine, kidole kikienda mbio, nikisikia robo tu kabla ya kuruka. Faharasa ilikuwa inanitii, na utii wake ulinitia wazimu. Ningeweza kukaa pale hadi nizeeke nikiruka kutoka asubuhi moja hadi nyingine. Mara moja nilichelewa kusimamisha, na mwanamke akasema, "Karibu, Mwalimu, afadhali umekuja, maana leo..." nikafunga macho kana kwamba nimeingia chumbani mtu akivaa nguo. Sauti niliijua. Ilikuwa imeniletea viazi jana.

"Pumzika," alisema Nyenza.

"Imebaki moja."

Alama ya mwisho ilikuwa asubuhi aliyoanza kuumwa. Nyayo zilikuwa nzito. Alisimama mara mbili njiani. Wimbo aliuimba wote, beti tatu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayejua mtu fulani anamsikia kutoka ndani. Ukapanda. Ukabaki juu. Na kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, ambao mwenye nyumba hana haja ya kuubisha, baba akasema kwa nota ile ile, akiishusha polepole mpaka ikapata pa kukanyaga:

"Hodi."

Na mama, kwenye mkanda, akajibu kwa nota iliyo chini yake kidogo:

"Karibu."

Kisha baba akacheka, kikombe kikagonga sahani, na alama ikaisha.

Nyenza na mimi tulitazamana. Nyimbo zote hizo hazikuwa zimekatizwa. Ulikuwa wimbo wa mtu anayekwenda kwa mwenzake, na sehemu ya mwisho haikuwa yake. Kwaya isingeweza kuiimba. Ilikuwa ya aliye ndani. Mama aliujua mwisho tangu mwanzo. Alikuwa akingoja kuitwa, na tangu baba afe hakuna hata mtu mmoja aliyepiga hodi katika nyumba ile, kwa sababu ndivyo tunavyofanya.

"Mchezeshee," alisema Nyenza. "Sasa hivi. Sauti yake mwenyewe."

Niliinua kompyuta, nikapiga hatua moja kuelekea ndani, nikasimama. Kwenye mkanda, baba akisema hodi, mama anamjibu. Tayari amekwisha kumjibu. Ningemwita, halafu ningemjibia mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Kesho."

*

Jumamosi, baada ya misa, ukoo ulijaa uani. Kwaya ilisimama karibu na tangi la maji. Shangazi alileta beseni la maji ya kunawa uso akaliweka karibu na mkeka, mama akiwa bado ameupa mgongo mlango. Nesi wa zahanati alikuja pia, kwa nguo za kawaida, akajifanya mgeni tu. Mama Tekla alikaa mbali na wenzake. Nilikuwa nimempitia asubuhi nikamwambia kwamba Huru sikuibonyeza. Sikumwambia nilichokisikia cha kwake, kwa sababu ni nusu sentensi tu, na maneno hayo hayakuwa yangu.

Kompyuta ilikuwa dirishani, swali lake likiwaka: *mmiliki yu hai?* Shanga ilikuwa kwenye shingo ya Nyenza, na taa yake ndogo ya kijani ikinasa kila kitu: watoto, mbwa, sufuria.

Nilifunga mlango. Watu wakanong'ona, maana mlango wa msiba haufungwi. Shangazi akaanza kunijia juu, nikamwomba kwa mkono anisubiri.

Kwaya ikaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukapanda, ukapanda, ukabaki juu. Watu wakaanza kutazamana kama wanavyotazamana siku zote pale.

Nyenza alipiga hatua hadi mlangoni. Hakuvuta "r", hakugonga kitu. Koti lilimning'inia. Akaichukua nota ile aliyoachiwa na kwaya, akaishusha:

"Hodi."

Nilisikia beseni ndani likiguswa. Nilisikia mkeka. Nesi alisogea, nikamshika mkono. Ndani kulikuwa na mtu anayejivuta ukutani, na pumzi ya mtu ambaye miguu inamuuma, na kisha mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Mama alisimama pale, ameshika mwimo, uso umelowa maji. Alimtazama mtu aliye mbele yake, koti, kofia, shanga, tangu juu hadi chini.

"Karibu," alisema, na ilikuwa nota ile ile ya chini. Uwanja mzima ulisikia wimbo ukiisha. Halafu akanyoosha mkono akakishika kiraka cha kiwiko. "Karibu, Nyenza. Ila vua koti la mume wangu, ule chakula. Unalitanua mabega."

Vicheko na vilio vilipasuka pamoja, na vigelegele vya shangazi juu yake. Mama Tekla alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Nilikwenda dirishani. Kioo kilikuwa kinaniuliza pia kama nataka kukifuta kilichonaswa tangu jana. Niliwafikiria wale watakaoburuta kidole hadi mwisho, miaka mingi baadaye. Wataangukia kwa Mhehe anayepiga hodi, katikati ya sufuria na mbwa, na wataanza kudhani ni babu. Lakini wakingoja kidogo watamsikia bibi akimwita mtu huyo kwa jina lake. Nikaacha kila kitu kama kilivyo.

Kisha nikajibu swali la kwanza. Nilibonyeza *Hapana*. Alama nyekundu zilizimika moja moja kwenye mstari, asubuhi zote zile, na taa ya kijani ikazimika shingoni kwa mtani.

Yeye hakuona. Alikuwa amelivua koti, analikunja kwa uangalifu mikononi mwa mama. Alibaki na shati jepesi, mwembamba, anatetemeka, na hakufanana na baba hata kidogo.